Picha Ikijaa Chenga: Mafundi wa Deki wa Unguja

Mteja wa deki ya video hakuhitaji kujua jina la ugonjwa. Alikuja dukani na mashine yake imefungwa kwenye kanga au taulo, akaiweka mezani, akaeleza alichokiona. "Picha imejaa chenga, lakini sauti safi." Hapo hedi, zile zinazosoma picha kwenye utepe, zimeziba. "Juu ya picha kunapinda, watu wote wana shingo upande." Hapo tuutazame mkono mdogo wa chuma unaoushika utepe usilegee. "Kuna mstari unapanda na kushuka." Huenda ni trakingi, huenda ni kanda yenyewe. "Inakula kanda." Rola ya mpira imekauka, au ringi inayozungusha gurudumu la kupokelea utepe imeanza kuteleza. Sentensi moja ya mtu aliyetazama vizuri ilimpunguzia fundi nusu ya kazi, na watu wa Unguja walikuwa watazamaji wazuri sana. Sababu ya uzuri wao nitaieleza mbele.

Kazi hii ya kusafisha na kutengeneza deki za video niliikuta Mlandege nikiwa kijana, nikaifanya mpaka ilipokwisha kuwa kazi ya kulisha nyumba. Wengi wakiikumbuka miaka ile huanza na filamu na waigizaji. Mimi naanza na uchafu, kwa sababu ndio niliokuwa nao uso kwa uso. Vumbi lililoziba hedi za deki liliingia kwa kiasi kidogo kutoka hewani. Sehemu kubwa ililetwa na kanda, na kanda ilichafuka kwa kuwa ilipita mikononi mwa watu wengi. Deki ya mtu asiyeazima wala kuazimwa ilikaa miaka bila kufunguliwa. Deki ya nyumba yenye wageni kila usiku ilirudi kwangu mara kwa mara. Zile chenga zilikuwa gharama ya kutazama pamoja, na mafundi tuliishi kwa gharama hiyo.

Unguja ilitangulia katika mambo ya televisheni. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au hazina kituo kabisa. Tanzania Bara haikuwa na kituo mpaka 1994, na watu wa Dar es Salaam walioweza walisimamisha antena ndefu kuelekea kwetu. Hivyo video ilipoingia visiwani ilikuta nyumba zilizokwisha kuwa na seti, na majirani waliozoea kujazana chumba cha mbele baada ya isha. Bara mambo yalikwenda kinyume: wapo walionunua televisheni kwa ajili ya deki tu, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama juu yake.

Deki zenyewe zilianza kuonekana kwa wingi katika miaka ya 1980. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia 1984, bidhaa za Dubai zikawa zinashuka bandarini kila wiki, na pamoja na vitambaa na redio za kaseti zikaja National, Akai, Hitachi na JVC. Nyingine zililetwa na mabaharia, nyingine na ndugu waliokuja kutembea kutoka Maskati. Zilizotengenezwa kwa soko la Ghuba zilikuwa bora kwetu, kwa sababu nyingi zilisoma mifumo zaidi ya mmoja, na nitaeleza kwa nini hilo lilikuwa na maana.

Mashine hii haikuwa na umri mkubwa duniani. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mjini Chicago kirekodi cha kwanza cha picha kilichofaa kwa kazi za vituo vya televisheni: ukubwa wake wa kabati, utepe wake wa upana wa inchi 2, na hedi nne zilizozunguka mara 14,400 kwa dakika. Hakuna aliyefikiria kuiweka sebuleni. Iliwachukua Wajapani karibu miaka 20 kuipunguza mpaka ikaingia nyumbani. Sony walitoa Betamax mwaka 1975. JVC, katika kazi iliyoongozwa na Shizuo Takano na Yuma Shiraishi, wakatoa VHS yao ya kwanza, HR-3300, tarehe 31 Oktoba 1976. Betamax ya mwanzo ilirekodi saa moja, VHS ikarekodi mbili, na JVC wakakubali makampuni mengine yaitengeneze. Mashindano hayo yalikuwa yamekwisha amuliwa kabla kazi haijanifikia mimi. Betamax nilizigusa chache, nyingi zikiwa zimeshageuzwa kabati la kuwekea vitu.

Kilichonishika tangu siku ya mwanzo ni wembamba wa kila kitu ndani yake. Katikati kuna dramu, silinda ya aluminiamu ya kipenyo cha milimita 62, imeinamishwa upande kidogo. Ukitia kanda, vigingi viwili vinauvuta utepe nje na kuuzungushia dramu zaidi kidogo ya nusu duara. Katika mfumo wa PAL, ndio tuliotumia sisi, utepe unatambaa milimita 23 na ushei tu kwa sekunde, lakini dramu inazunguka mara 25 kwa sekunde, hivyo hedi mbili zilizo kwenye ukingo wake, moja upande huu na moja upande wa pili, zinausugua utepe kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde. Kila hedi ikipita inasoma mstari mmoja wa mshazari, na kila mstari umebeba nusu ya picha. Upana wa mstari huo haufiki sehemu ya ishirini ya milimita. Kanda ya saa 3 ina utepe wa mita 250 na kidogo, na juu yake mistari 540,000 ya namna hiyo. Kanda hiyo ikimalizika, ukingo wa dramu umekwisha kwenda zaidi ya kilomita 52, karibu sawa na njia ya kutoka mjini mpaka Nungwi.

Hedi yenyewe ni kijiwe cheusi kidogo kuliko punje ya mtama, na katikati yake mna ufa usioonekana kwa macho. Picha yote inapita katika ufa huo. Ufa wa hedi moja ukiziba, nusu ya picha inabaki safi na nusu ni chenga, zikipishana haraka kiasi kwamba uso wa mtu unaonekana nyuma ya vitone vyeupe vinavyocheza. Zikiziba zote mbili, skrini nzima ni chenga. Sauti haidhuriki, kwa sababu katika deki za kawaida sauti ina hedi yake isiyozunguka, inayosoma ukingo wa juu wa utepe. Ukingo wa chini umeandikwa alama za mwendo, ambazo huiambia mashine lini hedi ikutane na mstari wake. Alama hizo zikisomwa mapema au kwa kuchelewa, mkanda wa chenga unakaa kwenye picha, na hapo ndipo mtu huzungusha kitufe cha trakingi.

Basi fikiria utepe huo uliojengwa kwa vipimo hivyo, halafu fikiria safari zake mtaani. Kanda tupu ilikuwa na bei, kwa hiyo filamu moja ya Kihindi iliyofika na mgeni ilinakiliwa usiku uleule kwa deki mbili zilizounganishwa, nakala ikazaa nakala, na kila kizazi rangi zilizidi kumwagika nje ya mistari yake. Maduka ya kukodisha kanda yalikuwa Darajani na Mchangani na kila mtaa wa Ng'ambo. Kanda iliondoka jioni, ikarudi asubuhi, ikaondoka tena. Ilishikwa kwa mikono yenye mafuta ya vitumbua, ilisahauliwa juu ya seti yenye joto, ilisukumwa na mtoto ndani ya mashine yenye mchanga. Katika maduka ya kukodisha nilikuwa naweza kutabiri: kukitoka filamu inayogombaniwa, wiki mbili baadaye deki zinaanza kuletwa, zote na uchafu wa rangi moja ya hudhurungi, unga wa sumaku uliobanduka kwenye utepe uleule uliochoka. Deki ya kwanza kuumwa huibandika kanda uchafu, na kanda huipelekea deki ya pili.

Lakini kanda zilizotembea mbali kuliko zote ni za harusi. Harusi iliyorekodiwa Kikwajuni ilikwenda kwa shangazi Jang'ombe, kwa mama mdogo Bububu, ikavuka kwenda Wete kwa bibi asiyeweza tena kupanda meli, ikarudi, ikanakiliwa, na nakala ikapanda ndege kwenda Maskati. Huko kulikuwa na ndugu waliohama baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa miaka mingi kanda ilikuwa njia yao ya kuhudhuria. Waliwaona wapwa wao wakubwa kwa mara ya kwanza ndani ya kanda. Nao walituma za kwao. Nimeshika kanda zilizoandikwa pembeni majina ya watu wa kusalimiwa, kama barua.

Ndani ya kanda hizo mlikuwa na sehemu za wanawake: kesha, singo, ngoma za ndani, bibi harusi amesukwa na kupakwa hina, wageni wameweka buibui pembeni. Mwanamume asiye wa nyumba hakupaswa kuziona, na fundi ni mwanamume asiye wa nyumba. Lakini deki inagoma kanda hiyohiyo, au inacheza kanda nyingine zote vizuri na hii tu inapinda. Mwalimu wangu alikuwa na desturi aliyoifuata bila kukosa, nami nikairithi. Mama mwenye kanda alikaa kitini mbele ya televisheni. Televisheni iligeuziwa yeye. Fundi alikaa nyuma ya seti na deki iliyofunguliwa kifuniko, sauti imezimwa, bisibisi mkononi, akaanza kugusa kigingi cha kuingilia na kigingi cha kutokea, robo ya mzunguko kwa robo.

"Vipi sasa, bi mkubwa?"

"Juu kumetulia, mwanangu. Chini ndiyo kuna mistari."

"Na sasa?"

"Hiyo umeiharibu. Rudi. Rudi tena. Hapo hapo, usiguse."

Kigingi cha kuingilia kikiwa juu au chini mno, picha inaharibika upande wake wa juu. Cha kutokea kinaharibu upande wa chini. Yule mama hakujua vigingi, lakini alijua juu na chini, na alijua kusubiri mpaka picha itulie ndipo aseme. Kwa njia hiyo wanawake wengi wa mjini walijifunza kuieleza picha mbovu kwa usahihi kuliko vijana wengi waliokuja baadaye kuomba kufundishwa kazi. Ndio nilioanza nao: wateja waliojua kutofautisha chenga za hedi, mistari ya trakingi na kupinda kwa utepe uliolegea. Ninaiheshimu desturi ile kwa ufundi wake na kwa adabu yake. Sikupata kusikia fundi aliyefundishwa na mwalimu wangu akituhumiwa kwa kanda ya mtu, na mitaa yetu ilikuwa haikosi kusema.

Usafishaji wenyewe ulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hedi hazisuguliwi juu na chini. Unafunua deki, unaichomoa umeme, unachukua kipande cha ngozi laini isiyotoa nyuzi, unakiloweka spiriti kidogo, unakigusisha ubavu wa dramu na kukishika palepale. Kisha kwa kidole cha mkono wa pili, ukigusa juu ya dramu tu, unaizungusha taratibu, hedi zipite zenyewe kwenye ngozi. Ngozi ikipandishwa na kushushwa, kile kijiwe kinavunjika, na dramu mpya ilikuwa na bei inayokaribia bei ya deki iliyotumika. Pamba za masikioni zilivunja hedi nyingi Unguja, kwa kuwa nyuzi zake hunasa. Pakikosekana ngozi tulitumia karatasi nyeupe ya taipu, isiyo na mistari. Wapo waliotumia noti, wakiamini karatasi yake ni imara. Ni imara kweli, na ina uchafu wa kila mfuko iliyopita.

Spiriti nayo ilitaka kuchaguliwa. Ile ya zambarau ya kuwashia majiko imetiwa rangi na ina maji. Ile ya kupaka ngozi inayouzwa katika maduka ya dawa mara nyingi imechanganywa mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo yakikauka juu ya dramu yanaacha utando unaonasa vumbi kuliko kabla hujasafisha. Mwalimu alikuwa na namna ya kuijaribu: tone moja juu ya kioo, lisubiriwe likauke, kioo kitazamwe mwangani. Ikiacha alama, haiingii katika deki. Spiriti safi kabisa ilikuja na mabaharia au ilitoka kwa watu wa maabara, ikawekwa kwenye chupa ndogo isiyoazimwa mtu.

Baada ya dramu huja njia nzima ya utepe, na hapa ndipo wavivu walijulikana. Chini ya dramu kuna ukingo mwembamba unaoubeba utepe kwa chini. Ukishika uchafu hata kidogo tu, utepe unanyanyuka na picha inapinda, hata kama hedi zinang'aa. Vigingi vyote vinafutwa, hedi ya sauti na alama za mwendo inafutwa, mhimili wa chuma unaovuta utepe unafutwa, na rola ya mpira inayoubana inasuguliwa mpaka weusi wake ung'ao uondoke. Mpira ukishakuwa mgumu hausafishiki, lazima ubadilishwe. Spea hazikuwapo, kwa hiyo ringi za ndani tulizikata kwenye mipira ya baiskeli, tukazipima kwa jicho na kuzisawazisha kwa msasa mashine ikizunguka. Belti zilizogeuka gundi tulizikwangua kwa uzi. Kapasita za sehemu ya umeme zilikauka mapema, kwa joto letu na kwa umeme uliokuwa ukipanda na kushuka, na dalili yake ilikuwa mistari ya ukungu inayotambaa kwenye picha huku hedi ni safi kabisa.

Kisiwa kiliongeza maradhi yake. Chumvi ilishika swichi ndogo zinazoiambia deki ipo hatua gani, nayo ikawa inatema kanda bila kuombwa. Mende walipenda joto lake, wakataga ndani. Msimu wa masika dramu ilitoka jasho, utepe ukaing'ang'ania. Deki nzuri zilikuwa na kihisio cha unyevu kilichozikataza kuzunguka mpaka zikauke, na mwenye nyumba akadhani imekufa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao uliwatia mafundi wageni jasho la aina yao. Ncha mbili za utepe wa VHS hazina rangi, ni plastiki inayopitisha mwanga, na katikati ya deki kuna taa ndogo: mwanga wake ukifika kwenye vihisio vya pembeni, mashine inajua utepe umekwisha, inasimama. Sasa fundi wa barazani akifungua kifuniko saa nne ya asubuhi, jua linaingia moja kwa moja kwenye vihisio, na deki inaamini kanda imekwisha pande zote mbili. Inakataa kila kitu. Ukiipeleka ndani inafanya kazi, ukiitoa nje inakufa. Dawa yake ni kipande cha boksi cha kuizibia jua.

Halafu kulikuwa na picha mbovu ambazo deki haikuwa na kosa lolote. Kuanzia 1985 baadhi ya kanda za filamu za Marekani na Ulaya zilitiwa kinga iitwayo Macrovision, inayokidanganya kirekodi kuhusu nguvu ya mwanga. Nakala yake inang'aa na kufifia, inang'aa na kufifia, na juu inararuka. Watu walileta deki mbili nzima wakidai zimeharibika usiku mmoja. Na kulikuwa na kanda za ndugu wa Toronto na Marekani, ambako mfumo ulikuwa NTSC na dramu inazunguka karibu mara 30 kwa sekunde, utepe ukienda kwa kasi ya milimita 33 na zaidi. Katika deki ya PAL peke yake, sauti inakuwa nzito na nyuso zinapanda juu bila kusimama, hazina rangi. Hapo ndipo mwenye deki ya Ghuba, iliyosoma mifumo yote, alipokuwa na heshima mtaani, na deki yake ikachakaa kwa heshima hiyo.

Bara kazi ilikuwa kubwa zaidi na chafu zaidi. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, kumbi ndogo za kuonyeshea video, deki ilifanya kazi kutoka mchana mpaka usiku, kwenye vumbi na moshi, watu wamebanana kwenye mabenchi. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijipatia jina kubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na kanda zenye sauti yake zilizunguka nchi nzima. Wenzangu wa Kariakoo waliniambia wakati huo kwamba kanda iliyosimuliwa ilikuwa inafika kwao imeshachakaa kuliko yoyote, kwa kuwa hakuna aliyeiacha ipumzike. Filamu za Kiswahili zilipoanza kushika soko, kama "Girlfriend" ya George Tyson mwaka 2003, VHS ilikuwa bado ipo, lakini sahani za VCD zilikuwa zimeshafika mlangoni.

Mwisho ulikuja haraka na sina mengi ya kusema juu yake. Sahani haina dramu wala rola, na mashine yake ikifa mtu ananunua nyingine. Mafundi wenzangu waliingia katika simu, wengine majokofu. Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki peke yake ikitengeneza deki za VHS, ilifunga kazi hiyo kwa kukosa vipuri na wateja.

Kazi iliyobaki ni ya kanda za harusi, na imekuwa ngumu kuliko zamani. Televisheni za kizamani zilivumilia picha iliyopinda, nyingine zilikuwa hata na chaneli maalumu ya deki iliyotengenezwa iwe na subira. Televisheni bapa za sasa zikipata ishara isiyotulia zinaonyesha buluu tupu, na kompyuta ya kunakilia inaruka vipande bila kusema. Kwa hiyo utepe uliokuwa "unatazamika" mwaka 1992 leo unataka deki iliyonyooshwa kuliko ilivyotoka kiwandani, na hedi za kuibadilishia hazipo. Kila hedi niliyonayo naitunza kwa ajili ya kanda ambazo hazina nakala nyingine.

Na kanda zenyewe zinaota. Tazama kupitia kidirisha cha kanda: ukiona unga mweupe au duara za kijivu juu ya msokoto wa utepe, usiitie katika deki yoyote, hata kwa dakika moja. Ukungu ule huziba hedi, husambaa kwenye njia ya utepe, na kanda safi itakayofuata itaambukizwa. Mimi huifungua kanda, skrubu zake tano, barazani na si chumbani, nikiwa nimejifunga kitambaa puani, nikaufuta utepe kwa kitambaa kikavu huku nikiuzungusha kwa mkono. Kisha hupita kwenye deki niliyoiweka kwa kazi chafu tu, kwenda na kurudi, na dramu inasafishwa kila upande unapomalizika. Hapo tena ndipo inaingia katika deki nzuri iliyounganishwa na kompyuta. Kanda zenye sehemu za wanawake hunakiliwa na binti au mjukuu wa mwenye kanda, akikaa yeye mbele ya kioo.

Machi hadi Mei sizifungui kanda zenye ukungu, kwa sababu hewa ina maji mengi mno na utepe uliofutwa hauwahi kukauka kabla ya kugusa dramu. Kazi hizo nazipokea kuanzia Juni, kipupwe kikishaingia.